Majibu kwa wafugaji wa samaki wadogo wa rangi

Barua tulizopokea mwezi huu zimegusa jambo moja, nalo ni ufugaji wa samaki wadogo wa rangi katika tangi la kioo lililopandwa mimea. Nyingi zimetoka Goma, moja imetoka Bukavu na nyingine Lubumbashi. Nimetanguliza ile yenye hasara kubwa zaidi, kwa sababu jibu lake ndilo msingi wa mengine yote: mfugaji achague samaki baada ya kuyajua maji yake, wala si kabla.

Bwana Mshauri, mume wangu aliniletea kutoka Kampala samaki 12 aina ya neoni, wale wenye mstari wa buluu unaong'aa na wekundu upande wa nyuma. Siku ile ile tuliwatia katika tangi la lita 60 lililojaa maji ya bomba, tukapanda na majani tuliyouziwa pamoja nao. Siku ya tatu walianza kuhema juu ya maji, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amebaki mmoja. Muuzaji anadai kwamba tuliwalisha kupita kiasi. Je, ni kweli? (Mama wa nyumbani, Himbi, Goma)

Mama, pole kwa hasara hiyo. Muuzaji hakusema uongo, kwa maana chakula kisicholiwa huoza na kuchafua maji, ila ametaja sababu ndogo na kuiacha ile kubwa. Neoni, ambaye jina lake la kitaalamu ni Paracheirodon innesi, ni samaki wa vijito vya msitu wa Amazoni, ambako maji yana chumvichumvi chache mno na huelekea kwenye asidi. Kipimo cha jambo hilo ni pH, ambayo 7 ndiyo katikati yake. Chini ya hapo ni asidi na juu yake ni alkali. Maji ya bomba ya Goma, kwa sehemu kubwa, huvutwa kutoka ziwa Kivu, na maji ya juu ya ziwa hilo yana pH inayokaribia 9, pamoja na bikaboneti, magnesi na sodi nyingi zinazoletwa na chemchemi zinazochimbuka chini ya ziwa katika miamba ya volkeno. Kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara 10, kwa hiyo samaki aliyezoea pH 6 akitiwa katika pH 9 amevuka tofauti ya mara 1,000 kwa muda wa kumimina mfuko.

Hata hivyo, sidhani kwamba mshtuko huo peke yake ndio uliowaua siku ya tatu. Dalili ya kuhema juu ya maji inanielekeza kwenye amonia. Samaki huitoa mchana na usiku kupitia matamvua yake, na katika tangi lililokomaa wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa na ambayo mimea huila. Tangi lako lilikuwa jipya, bakteria hao hawakuwamo, na amonia ikalimbikizana. Sasa hapa ndipo maji ya Goma yanapokuwa makali kuliko ya miji mingine. Amonia ina sura mbili ndani ya maji, moja yenye sumu kali na nyingine isiyodhuru sana, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo wake. Katika nyuzijoto 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura ya sumu. pH ikifika 8, sehemu hiyo huwa kama asilimia 5. Ikifika 9, huwa zaidi ya theluthi moja. Uchafu ule ule ambao samaki wa mji wenye maji laini, yaani yenye chumvichumvi chache, wangeuvumilia kwa wiki nzima huwaua wa Himbi kwa siku chache.

Safari nayo ilichangia. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki hujaza maji gesi ya kaboni, pH hushuka, na amonia inayotolewa njiani hukaa katika sura isiyodhuru sana. Mfuko ukifunguliwa, gesi hutoka, pH hupanda, na amonia ile yote hugeuka sumu hapo hapo, tena kwa kasi zaidi mtu anapoanza kuongezamo maji ya Kivu kikombe kwa kikombe, jinsi vitabu vingi vinavyofundisha. Kwa samaki waliosafiri siku nzima, nashauri njia tofauti. Andaa ndoo yenye maji ya mvua yaliyochanganywa na maji kidogo ya bomba, joto lake lilingane na la mfuko, kisha uwachote samaki kwa wavu mara moja na kuwaweka humo, na maji ya mfuko uyamwage nje. Baada ya hapo waongezee maji ya tangi lako polepole, kwa muda wa siku mbili au tatu, huku ukipunguza yale ya ndoo.

Ama kuhusu samaki gani uwanunue sasa, ushauri wangu ni kuwaacha neoni na kuwatafuta plati (Xiphophorus maculatus), ambao asili yao ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati. Wanapenda maji magumu, yaani yenye chumvichumvi nyingi, na yenye alkali, wanaridhika na nyuzijoto 20 hadi 25, na rangi zao nyekundu, njano na za madoadoa meusi zinapendeza juu ya kijani cha mimea. Joto ni jambo la maana, kwa sababu Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyomo sebuleni bila kupashwa huweza kubaki kwenye nyuzijoto 20 au chini yake asubuhi. Gapi (Poecilia reticulata) wanafaa pia, ingawa wenye mikia mirefu sana, waliozalishwa kwa ajili ya maonyesho, huwa dhaifu kuliko wale wa kawaida.

Najua wapo watakaosema kwamba samaki wanaofaa zaidi ni wale wa ziwa Tanganyika, na kwa upande wa kemia ya maji wana hoja nzuri. Mto Ruzizi hutoka Kivu pale Bukavu na kumwaga sehemu kubwa ya chumvichumvi zake Tanganyika, ambako pH nayo inakaribia 9. Wapo kule samaki wadogo kama Lamprologus ocellatus, wanaoishi na kutaga ndani ya makombe matupu ya konokono, na ni furaha kuwatazama. Lakini wamezoea maji ya nyuzijoto 25 au 26, kwa hiyo Goma watahitaji kifaa cha kupasha maji kinachofanya kazi kila siku, na wana tabia ya kuchimba mchanga hadi mizizi ya mimea inabaki juu. Kwa tangi la mimea lisilo na umeme wa uhakika, mimi bado nitachagua plati.

Kabla ya kuwanunua, lijaze tangi, lipande mimea, na uliache kwa wiki nne hadi sita, ukitia chembe chache za chakula kila baada ya siku mbili ili bakteria wapate cha kuanzia. Ukiwa na jirani mwenye tangi zuri, mwombe kipande cha sponji kutoka katika chujio lake, na muda huo utapungua sana. Vipimo vya matone vya amonia na nitriti vikionyesha sifuri, anza na samaki watano tu. Maji ya bomba yakae wazi kwenye ndoo kwa saa 24 ili klorini itoke, na yale yanayotiwa klorini kwa mkono pale ziwani yakae zaidi, hasa wakati wa tahadhari ya kipindupindu, kwa kuwa dozi huongezwa.

Nyumbani kwetu tunakinga maji ya mvua kutoka kwenye paa la mabati, tuna tangi kubwa la plastiki, na hatuna haja ya maji ya ziwa. Je, nikitumia mvua tupu siwezi kuwafuga neoni na wale samaki wazuri wa mto Kongo? (Fundi seremala, Ndosho, Goma)

Unaweza, fundi, lakini si mvua tupu. Maji ya mvua hayana bikaboneti za kuzuia pH isiporomoke, na katika tangi lenye samaki, ambamo uozo hutoa asidi kila siku, pH inaweza kushuka ghafla hadi bakteria wenyewe wakaacha kufanya kazi. Kwa neoni, au kwa yule Phenacogrammus interruptus wa bonde la Kongo mwenye magamba yanayobadilika rangi kwenye mwanga (huyo hukua hadi sentimita 8 na anahitaji tangi refu), changanya bidoni 9 za mvua na bidoni 1 ya maji ya ziwa. Hiyo moja inatosha. Wengi huchanganya nusu kwa nusu wakidhani kwamba pH itashuka nusu ya njia, na hushangaa kuiona karibu pale pale. Chumvichumvi hupungua nusu kweli, ila bikaboneti zinazobaki ni nyingi na zinaendelea kuishikilia pH juu. Nusu kwa nusu ni mchanganyiko mzuri kwa plati na gapi, si kwa neoni.

Uchanganye kwa kipimo kile kile kila unapobadilisha maji. Maji yaliyopungua kwa kukauka, hata hivyo, yajazwe kwa mvua peke yake, kwa maana mvuke unapopaa chumvichumvi hubaki nyuma, na ukijaza kwa maji ya ziwa kila wiki utakuwa unaziongeza bila kujua.

Kuna hadhari ya mahali petu. Moshi wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno, una gesi za salfa, klorini na florini, ambazo huyeyuka katika mvua, na mara nyingi upepo huupeleka upande wa magharibi, yaani kwenu na mbele zaidi kuelekea Rusayo na Sake. Mvua ya namna hiyo huwa na asidi, na asidi hula zinki ya mabati, na zinki ni sumu kwa samaki. Acha mvua ya kwanza baada ya siku za ukavu ioshe paa na kumwagika. Usikinge siku ambazo moshi umelala juu ya mtaa. Na kabla ya kuleta samaki, weka konokono wachache wa maji katika ndoo ya maji hayo kwa siku tatu. Wakijifungia ndani ya makombe yao wasitoke, maji hayo yamwagie bustani.

Wanafunzi wangu wangependa kupamba akwariamu ya darasa kwa mawe meusi ya volkeno yaliyojaa kila mahali. Mwenzangu anasema yana salfa na yatawaua samaki. Naomba ufafanuzi. (Mwalimu wa shule ya msingi, Keshero, Goma)

Mwalimu, mawe hayo ni mojawapo ya faida chache ambazo mfugaji wa Goma anazo kuliko mfugaji wa mji wowote mwingine, na inanishangaza kuona watu wakinunua mapambo ya plastiki. Lava iliyopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, kama ile ya milipuko mingine ya Nyiragongo, imeacha mawe ambayo hayayeyuki ndani ya maji wala hayabadilishi pH. Gesi za salfa zilitoka wakati lava ilipokuwa ya moto. Wanafunzi wanaweza kujihakikishia kwa tone la siki: jiwe la chokaa hutoa povu, jiwe letu jeusi halitoi.

Yale mepesi yenye matundu ndiyo yenye thamani zaidi. Kila tundu ni makao ya wale bakteria wanaoigeuza amonia, kwa hiyo konzi chache za vipande vyenye ukubwa wa karanga, vikiwekwa ndani ya chujio, hufanya kazi sawa na vifaa vya kauri vinavyouzwa kwa dola. Mizizi ya mimea nayo huyashika vizuri. Anubias, mmea wa Afrika ya Magharibi na ya Kati wenye majani manene ya kijani kibichi, haupandwi mchangani kamwe, kwa sababu shina lake linalotambaa likifukiwa huoza. Ufunge kwa uzi wa pamba juu ya jiwe, na baada ya miezi miwili au mitatu mizizi yenyewe itakuwa imelikumbatia.

Msiyaokote karibu na magareji, vituo vya petroli wala mifereji ya maji machafu, kwa kuwa matundu yale yale yanayohifadhi bakteria huhifadhi na mafuta. Myasugue kwa brashi bila sabuni, myaloweke kwa wiki moja huku mkibadilisha maji, na msiyachemshe jikoni, kwani maji yaliyonaswa ndani yanaweza kugeuka mvuke na kulipasua jiwe mbele ya mtoto. Kumwagia maji yaliyochemka kunatosha. Kingo kali zisuguliwe jiwe kwa jiwe, hasa kama mtafuga gapi wenye mapezi marefu.

Chini, wekeni sentimita 2 za udongo wa bustani usiotiwa samadi, kisha juu yake sentimita 3 za mchanga uliooshwa hadi maji yatoke safi. Udongo wa volkeno una madini ya kutosha kuilisha mimea kwa muda mrefu, mradi usichokonolewe.

Nimeona katika video kwamba mimea ya akwariamu hupewa gesi ya kaboni kutoka kwenye chupa ya chuma. Sisi huku tuna mazuku. Je, siwezi kuliweka tangi pale gesi inapotoka ardhini, mimea ikapata bure? (Kijana mfugaji, Mugunga)

Mwanangu, hapana. Mazuku ni gesi hiyo hiyo ya kaboni, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni na katika vyumba vya chini hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo, na imeua watu na mifugo katika eneo lenu. Mahali penye mazuku hapawekwi tangi, na wala hapalalwi. Kama gesi hiyo inaingia nyumbani kwenu, hilo ni jambo la kuwaambia wazazi na viongozi wa mtaa leo, na habari ya samaki ingoje.

Mimea yenyewe haihitaji chupa ukichagua vizuri. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, na Ceratophyllum demersum, isiyo na mizizi na inayoelea, zina uwezo ambao mimea mingi ya msituni haina, nao ni wa kuchukua kaboni kutoka katika bikaboneti. Maji ya Kivu, yanayowatesa neoni, kwa mimea hii ni ghala. Utaona baada ya muda majani ya Vallisneria yakipata utando mweupe unaokwaruza kidoleni. Hiyo ni chokaa inayobaki baada ya bikaboneti kutumika, na ni dalili kwamba mmea unakula.

Kuna jambo moja la kuangalia. Kadiri mimea inavyotumia kaboni mchana, ndivyo pH inavyopanda, na katika maji yaliyoanzia karibu na 9 hakuna nafasi kubwa ya kupandia. Kwa hiyo taa iwashwe kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu kwa siku, jua la moja kwa moja lisilifikie tangi, na maji yawe ya mchanganyiko nusu kwa nusu na mvua niliyoueleza hapo juu. Mwani wa kijani ukifunika kioo, punguza mwanga kwanza kabla ya kununua dawa yoyote.

Hapa kwetu umeme unaweza kukatika jioni ukarudi kesho yake mchana. Nina chujio la nje lenye mota, tangi la lita 100 na plati 20. Mara mbili nimekuta samaki wamekufa baada ya umeme kurudi, wala si wakati ulipokuwa umekatika. Sielewi. (Mfanyakazi wa duka la dawa, Ibanda, Bukavu)

Umeona vizuri, ndugu, na maelezo yako yananionyesha chanzo. Bakteria wa chujio wanahitaji oksijeni. Katika chujio la nje, ambalo ni kopo lililofungwa, oksijeni iliyomo huisha baada ya saa chache mota inaposimama, bakteria hufa na uchafu huanza kuoza. Umeme ukirudi, mota husukuma maji hayo mabovu yote ndani ya tangi. Kwa hiyo umeme ukikatika kwa zaidi ya saa mbili au tatu, lichomoe chujio, na kabla ya kuliwasha tena lifungue, umwage maji yake, na usuuze sponji katika ndoo ya maji ya tangi, si ya bomba.

Kwa hali ya umeme wenu, ningeliuza hilo chujio na kununua la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa, ile inayoweza kutumia betri au paneli ya jua. Halina kopo la kufungwa. Sponji iko wazi ndani ya tangi, na bakteria wake huendelea kuishi hata pampu ikinyamaza.

Idadi ya samaki pia inanitia shaka. Maji ya nyuzijoto 22 kwenye usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 8.7 za oksijeni kwa lita. Bukavu, ambako ufuo wenyewe wa ziwa uko karibu mita 1,460 juu na mitaa mingi iko juu zaidi, hewa ni nyepesi na kiasi hicho huwa kama miligramu 7.3. Usiku mimea nayo hupumua oksijeni badala ya kuitoa. Plati 20 katika lita 100 wangekuwa salama Mombasa penye umeme; kwako, 12 wanatosha. Siku ya giza usiwalishe. Samaki mzima hukaa siku mbili au tatu bila chakula asipate neno, lakini chakula kilichotiwa katika maji yaliyotulia humaliza oksijeni ya usiku.

Pima pia maji ya bomba lako, kwa kuwa si kila bomba la Bukavu hupata maji ya ziwa, na maji ya mito ya milimani ni laini zaidi. Majibu niliyowapa watu wa Goma kuhusu pH huenda yasikuhusu.

Tunasikia habari za neoni na gapi wa ng'ambo. Je, Katanga yetu haina samaki wadogo wa rangi wanaofaa tangi? (Mwanafunzi wa kilimo, Lubumbashi)

Inao, tena wa ajabu. Katika mabwawa ya muda ya Katanga, yale yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kabisa kiangazi, wanaishi samaki wa jenasi ya Nothobranchius. Nothobranchius brieni alielezwa kitaalamu na mtaalamu wa samaki Max Poll mwaka 1938, na mwaka 1978 mtaalamu mwingine, Wildekamp, alieleza wengine watatu wa upande wenu: N. polli, N. malaissei na N. symoensi. Dume ana urefu wa sentimita 4 au 5 hivi, na wekundu na buluu yake huwashinda neoni; jike ni wa kijivu, kwa maana rangi ingemfichua kwa ndege.

Maisha yao hufuata mvua. Mayai hutagwa katika tope, bwawa hukauka na wazazi wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya udongo wenye unyevu kidogo, ukuaji wao ukisimama na kuendelea kwa awamu, hadi mvua inaporudi. Ndipo yanapoanguliwa, na wana hukomaa kwa wiki chache tu. Kwa mfugaji maana yake ni kwamba samaki hawa hawaishi zaidi ya mwaka hivi hata wakitunzwa vizuri, na asiyezalisha hubaki na tangi tupu.

Kuzalisha si kugumu. Dume mmoja na majike wawili au watatu wakae katika tangi la lita 20 lenye mimea inayoelea, ukiwawekea bakuli lenye nyuzi za maganda ya nazi zilizochemshwa. Watataga humo. Kila wiki au mbili zitoe nyuzi hizo, uzikamue taratibu kwa mkono hadi zibaki na unyevu wa tumbaku mpya, uzifunge katika mfuko wa plastiki ulioandikwa jina la samaki, mahali walipotoka na tarehe, na uuweke mahali penye giza na uvuguvugu kwa miezi kadhaa. Yai lililo tayari huonyesha macho mawili ya mtoto ndani yake. Hapo mimina maji baridi kiasi ya mvua, na ndani ya saa chache utaona wana wakiogelea. Chakula chao cha kwanza ni vijidudu hai vya maji. Unga hawautazami, na wakubwa hupenda viluwiluwi vya mbu.

Juni na Julai zina usiku wa baridi kali huko Lubumbashi, nyuzijoto zikishuka chini ya 10 nje, kwa hiyo tangi na mifuko ya mayai vikae chumba cha ndani. Usichote maji wala samaki katika vijito vinavyopokea maji ya migodi na viwanda, kwa sababu shaba iliyoyeyuka ni sumu kali kwa samaki, hasa katika maji laini. Uliza kwanza ofisi ya mazingira ya eneo lako kuhusu ruhusa ya kukamata, chukua jozi mbili au tatu tu, na usiwachanganye wa bwawa moja na wa bwawa jingine hata wakifanana.

Papa Mshauri, nina miaka 14. Gapi wangu wamezaa hadi hawahesabiki. Je, naweza kuwamwaga ziwani, na badala yao nikaleta sambaza wadogo kutoka kwa wavuvi? (Msomaji wa Birere, Goma)

Yote mawili hapana, mwanangu. Sambaza ni samaki wa maji ya wazi wanaokwenda kwa makundi makubwa. Magamba yao hutoka kwa kuguswa tu, na hawadumu ndani ya kioo. Hao wanunuliwe kwa ajili ya chungu, na wale waliokaushwa bila chumvi, wakisagwa kuwa unga laini, ni chakula kizuri cha gapi wako.

Kuhusu kuwamwaga gapi, elewa kwamba hata sambaza wenyewe si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960 ili watu wapate kitoweo, na mpango huo ulifanikiwa. Lakini mwaka 2006 alionekana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, ambaye hakupangiwa na mtu, na sasa anashiriki chakula na sambaza. Ziwa hili lina spishi kama 15 za samaki wa jenasi ya Haplochromis zisizopatikana pengine popote duniani. Gapi anayekula mayai na wana wa samaki wengine hana kazi humo. Usimmwage hata mtaroni, kwa kuwa mitaro huishia ziwani.

Dawa ya wingi ni kuwatenga. Wachunguze wana wakiwa na wiki tatu au nne: pezi la chini la dume huanza kuchongoka kama kijiti, la jike hubaki pana. Weka madume katika tangi la mimea, kwani ndio wenye rangi, na majike katika chombo kingine. Usishangae jike aliyetengwa akiendelea kuzaa kila baada ya mwezi mmoja hivi, maana huhifadhi mbegu za dume kwa miezi mingi baada ya kukutana naye mara moja. Waliozidi wagawie wenzako au uwapeleke kwa muuzaji, na mwalimu wa Keshero aliyeandika hapo juu ana tangi la darasa ambalo, likishakomaa, litahitaji samaki watano wa kuanzia.